Mkono wa Pili Katika Programu ya Maji

Niliifungua kazi yake saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, na kabla kengele haijalia nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba si yake.

Mwaka ule nilikuwa na wanafunzi tisa wa mwaka wa mwisho katika shule yetu ya sekondari hapa Kolwezi. Kila mmoja alitakiwa kutunga programu yake ya kompyuta, peke yake, kwa muda wa miezi minne, halafu aje kuitetea mbele ya watu watatu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Nilisoma walichoandika, nikawauliza maswali, nikawarudisha njiani walipopotea. Tulikuwa na kompyuta sita katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya madawati, na kati ya hizo nne tu ndizo zilizowaka bila kubembelezwa. Umeme ukikatika tuliendelea kwa kalamu.

Sharti la kufanya kazi peke yake nililiweka mimi mwenyewe. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alileta programu nzuri ya kupanga mizigo ya malori, akapata alama za juu, tukampigia makofi. Mwezi mmoja baadaye nikaikuta programu ileile, na makosa yaleyale ya tahajia, katika kibanda cha kunakili karatasi karibu na soko, ikiuzwa kwa yeyote aliyeitaka. Tangu hapo nilisoma kazi za wanafunzi kama mlinzi wa lango la mgodi anavyopekua mifuko ya wanaotoka. Mkuu wetu wa shule, tuliyemwita prefe, alizidi kunitia hofu. "Mwalimu," aliniambia, "mwaka huu hata simu zinaandika. Fungua macho."

Mwenye kazi ile alikuwa msichana mtulivu aliyekaa safu ya mbele. Baba yake alikuwa msafirishaji wa bidhaa, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Kwa miaka miwili nilimfahamu binti huyu kuwa mwangalifu na mpole. Hakukosea sana, lakini pia hakuwahi kunishangaza. Mradi aliouchagua ulihusu maji. Kule Musonoi, mtaa ulio kando ya mgodi, kwenye robine, yaani bomba la wote, maji hayana saa maalumu. Siku nyingine yanatoka alfajiri, siku nyingine adhuhuri, siku nyingine hayatoki kabisa, na akina mama wanashinda pale na madumu yao. Programu yake ingepokea saa ambazo maji yalitoka siku zilizopita, kisha ikakisia saa ambayo yangetoka kesho.

Wazo lilinipendeza, ila tangu mwanzo lilikuwa na kitu kilichonikera. Msichana huyu aliishi mjini, katika nyumba yenye kisima na pampu. Robine ya Musonoi ilimhusu nini?

Sasa nilikuwa na sehemu ya pili ya kazi mbele yangu, na ilikuwa kama imeandikwa na mtu mwingine. Sehemu ya kwanza, ya kuingiza tarehe na saa, ilikuwa yake. Niliitambua kama ninavyotambua mwandiko wa mtu. Majina yote yalikuwa ya Kifaransa kama nilivyowafundisha, kila mstari umepangwa kwa unadhifu. Lakini sehemu ya kukisia ilikuwa fupi, kavu, na majina yake yalikuwa ya Kiswahili. Maji. Jana. Juzi. Kulikuwa na jina moja, "giza", ambalo nililitazama kwa muda kabla sijaelewa kwamba lilimaanisha siku zisizo na umeme, siku ambazo pampu za mji hazisukumi maji na kwa hiyo hazistahili kuhesabiwa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea wazo kama hilo. Mimi mwenyewe nisingelifikiria.

Niliiendesha ile programu. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa, maana hakuna kazi ya mwanafunzi inayofanya kazi mara ya kwanza.

Nilimwita mchana, wenzake walipotoka.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mi, mwalimu."

"Nielezee."

Akaanza. Sehemu ya kwanza aliieleza kwa maneno yake, polepole, akinionyesha kila hatua. Alipofika kwenye kukisia akabadilika. Alijua kila kitu, hilo siwezi kulikataa, lakini alikisema haraka na sawasawa, kama mtoto anayesoma salamu zilizotumwa na mtu mwingine.

"Hapa tuliona kama siku ya zamani haina na nguvu sawa siku ya jana," alisema. "Njo maana jana tunaihesabia mara tatu, juzi mara mbili, zingine mara moya."

"Tuliona? We na nani?"

Akajibu, akitazama meza: "Niliona. Mi."

Nilimruhusu aende, nikaandika neno "tuliona" kwenye daftari langu na kulipigia mstari chini.

Siku mbili zilizofuata nilifanya upelelezi ambao leo nauonea haya. Nilikwenda kwenye kile kibanda cha karibu na soko, nikajifanya mzazi anayemtafutia mwanawe mradi. Hawakuwa na kitu chochote kuhusu maji. Nilichukua simu yangu, nikaiuliza ile akili ya mashine swali lilelile, na ikaniandikia programu ndefu, yenye fomula za takwimu na maelezo ya heshima kila mstari. Haikufanana hata kidogo. Ya msichana ilihesabu jana mara tatu kwa kuijumlisha mara tatu, basi. Ilikuwa hesabu ya mtu anayehesabu kwa vidole. Hapo nikajua kwamba ninatafuta mtu, si mashine, na hilo halikunipunguzia shaka hata kidogo. Nilimfikiria kaka, mjomba, mchimba madini mmojawapo kati ya wale vijana wanaokuja kutoka Kasai na kwingineko na elimu ya chuo mfukoni, wanaishia kubeba magunia ya mawe. Na nilipomfikiria kijana wa namna hiyo, fikra zangu hazikuishia kwenye programu tu: niliogopa pia anachotaka kwa binti.

Siku ya Jumatano baba yake alikuja shuleni. Alisimamisha lori lake nje ya ukuta, akavuka ua kwa hatua ndefu, kofia kichwani, na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Aksanti sana, tata mwalimu," alisema, akiniita tata, yaani baba, kwa heshima. "Balimu wengine banachoka Ijumaa, banaenda kupumzika. We unafundisha mutoto yangu mupaka Jumamosi. Mungu akulipe."

Nilitazama nyuma yake. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupigwa. Mimi sikufundisha Jumamosi. Sijawahi kufundisha Jumamosi hata moja maishani.

"Ni kazi yetu, tata," nilijibu.

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilimdanganya mzee yule. Labda ni ule uso wa binti. Labda nilitaka kuwa wa kwanza kujua, kabla ya baba. Alipoondoka, msichana aliinamisha kichwa kidogo kunishukuru, na shukrani ile ilinikasirisha, maana ilinifanya mshirika wa jambo nisilolijua.

Kwa kuwa programu yake ilihusu Musonoi, Jumamosi ile nilisimama kwenye mzunguko wa barabara ambapo pikipiki za Musonoi hupakia abiria. Haikuchukua muda. Alikuja na mkoba mweusi begani, ule wa kompyuta ya baba yake, akapanda pikipiki. Nikapanda iliyofuata.

"Mufwate ule musichana," nilimwambia dereva. "Lakini usimukaribie."

Akanigeukia. "Ni bibi yako?"

"Ni mwanafunzi wangu."

Aliwasha pikipiki kwa namna ambayo ilinifanya nitamani ningesema ni mke wangu.

Tulipita malori, tukameza vumbi lao, tukakutana na vijana wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia. Tulipofika kwenye nyumba za kwanza za Musonoi, chini ya kile kilima cha mawe yaliyotupwa na mgodi, lori moja likatukatia njia. Lilipopita, msichana hakuonekana tena. Nikashuka, nikaingia kwenye vichochoro kwa miguu, na daftari langu mkononi.

Lile daftari lilikuwa kosa. Milango ilianza kufungwa mbele yangu. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio aliinuka, akaingia ndani na kiti chake. Kwenye robine, ambako madumu ya njano yalikuwa yamepangwa foleni bila tone la maji, wanawake sita au saba waliacha mazungumzo.

"Tata, unatafuta nini?" mmoja aliniuliza. Alikuwa mnene, amefunga kitenge cha kijani, na alijiweka katikati ya njia.

"Ninatafuta nyumba ya mutu."

"Uko wa kampani? Unakuya kuandika manyumba?"

Ndipo nikaelewa. Huku watu wamezoea kuona mgeni mwenye daftari leo, na kesho kukuta alama ya rangi nyekundu ukutani, na mwezi ujao kuambiwa wahame. Nikafunga daftari, nikaliweka chini ya kwapa.

"Hapana, mama. Mi ni mwalimu. Natafuta musichana, mwanafunzi. Anakuyaka hapa kila Jumamosi, na mukoba mweusi. Sijue anakuyaka kwa nani."

Wanawake walitazamana. Mama wa kitenge cha kijani alinikagua kuanzia viatu hadi miwani, na nikaona shaka ya kwanza ikiondoka usoni mwake na nyingine, mbaya zaidi, ikichukua nafasi.

"Mwalimu wa ile shule?" akauliza polepole. "Kumbe njo weye."

"Njo mi nani?"

"Baba ya mutoto."

"Mutoto gani?"

"Anauliza mutoto gani!" aliwaambia wenzake, na sauti zikapanda zote kwa pamoja. "Saa hii njo unakuya? Mutoto anaanza kukaa, tata! Hata sabuni haukuleta?"

Nilisema sijui wanasema nini. Nilisema nina mke. Hilo liliwasha moto zaidi. Mwanamke mmoja aliokota dumu lake kana kwamba angenirushia. Sijawahi kuogopa wanafunzi wala wakaguzi wa shule kama nilivyowaogopa wanawake wale, na kilichoniuma ni kwamba hawakuwa wajinga: kwa yale waliyoyajua, mimi ndiye niliyefaa kushukiwa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake.

"Muache kumupigia kelele," alisema. "Mi njo nkambo ya ule mama yake, na mi najua baba ya mutoto. Siye huyu." Bibi huyo akainuka, akaniambia nimfuate. Njiani aliongeza bila kunitazama: "Lakini sisemi kama uko mutu muzuri."

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na baraza, na ukuta ulikuwa na ufa kutoka dirishani hadi chini, wa aina ile ambayo milipuko ya mgodi huziachia nyumba za pale. Barazani, juu ya mkeka, walikaa wasichana wawili na kompyuta moja. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Aliponiona aliweka mkono mdomoni.

Wa pili alikuwa amefunga mtoto mgongoni, na ilinichukua muda kumtambua kwa sababu alikuwa amekonda. Alikuwa mwanafunzi wangu pia. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikaa kwenye dawati moja na huyu wa kwanza, na katika hesabu hakukuwa na wa kumfikia. Kisha akawa mjamzito, na baraza la walimu likakutana. Hakuna aliyetumia neno kufukuza. Ilisemwa kwamba akapumzike nyumbani. Prefe aliuliza kama kuna mwenye neno, na mimi, niliyekuwa na karatasi ya alama zake mbele yangu, nilijishughulisha kupanga karatasi zile zilingane pembe. Hakurudi tena, na sikuuliza alipo.

"Karibu, mwalimu," alisema. Hakuinuka. "Ulikuya kutushika?"

Nilikaa juu ya kigoda. Msichana wa msafirishaji alianza kueleza, huku akilia na kujifuta kwa ncha ya mtandio wake. Mwanzoni alikuja kumletea mwenzake masomo tu, kila Jumamosi, ili asisahau. Baba yake asingekubali aje kwa msichana aliyezaa nyumbani, kwa hiyo akasema anakwenda kwangu. Halafu mwenzake akawa anamwonyesha daftari alilokuwa akiandika saa za maji, kwa sababu akiwa na mtoto mgongoni hakuweza kusimama kwenye foleni kutwa nzima. Alitaka kujua atoke saa ngapi. Kutokana na daftari hilo ndipo programu ilipozaliwa.

"Nani aliwaza kama siku za giza zisihesabiwe?" niliuliza.

"Ni mi," alisema mama wa mtoto. "Nani ataiwaza kama siye mwenye kungoya maji?"

Alinionyesha karatasi. Hakuwa na kompyuta, na ile ya rafiki yake ilikuja Jumamosi tu kwa saa tatu, kwa hiyo aliandika programu kwa penseli wiki nzima. Pembeni alichora safu, na katika kila safu aliandika kile ambacho mashine ingekuwa nacho kichwani katika kila hatua, mstari kwa mstari, kabla mashine haijaguswa. Ndiyo sababu ilifanya kazi mara ya kwanza. Ilikuwa imeshaendeshwa mara nyingi, na yeye.

Ningependa kuandika kwamba niliamini papo hapo. Sikuamini. Nilishakuwa mtu wa kutoamini, na desturi hiyo haikuachii kwa sababu umeona mtoto mgongoni. Nilifungua daftari langu, nikatunga programu ndogo ya mistari minane, nikamkabidhi. "Itaandika nini mwishoni?"

Aliichukua bila kuudhika, na hilo lilinichoma kuliko kama angeudhika. Akachora safu zake. Mtoto akalia, akamrusharusha kidogo mgongoni bila kuinua penseli. Bibi yake na rafiki yake walinitazama mimi, si yeye.

"Haitaandika kitu," alisema hatimaye. "Haitamalizika hata siku moya. Ulisahau kuongeza moya hapa."

Niliangalia. Nilikuwa nimesahau kweli.

"Mi sikuibia mutu," aliendelea. "Na yeye hakuiba. Ni ya shi babili, mi na yeye. Mi nilimwambia aitoe kwa jina yake, juu mi siko na shule ya kuitoa."

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Yeye ni mshonaji, na alinisikiliza akiwa na pini mdomoni. Alipozitoa, hakuzungumza habari za programu.

"Kwa hiyo ulienda peke yako," alisema, "kutafuta nyumba ya musichana mwenye mutoto, na unashangaa banamuke bale balikuuliza. Mi pia ningekuuliza." Kisha akaniambia kwamba nikitaka kurudi kule nitarudi naye. Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili, na sabuni.

Lakini tatizo la shule lilibaki. Nilimchungulia prefe ofisini kwake, nikamuuliza kwa kuzunguka: mradi ukigundulika kuwa wa watu wawili, tunafanyaje?

Aliacha kuandika. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Kama ni babili, ni sifuri. We njo uliandika ile sheria, mwalimu." Akanitazama kwa muda. "Uko na mutu unamufikiria?"

Nilisema sina. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu niliusema nikijua sababu. Niliamua kunyamaza: binti wa msafirishaji angeitetea programu nzima kama yake, alijua kila mstari, na hakuna ambaye angejua. Nilipowaambia, mama wa mtoto alikubali mara moja. Mwenzake hakujibu kitu. Kunyamaza kwake kulinitia wasiwasi wiki tatu nzima. Kila asubuhi nilimtazama akiingia darasani nikijaribu kusoma uso wake, naye alikwepa macho yangu, na nilijiuliza kama alikuwa anaogopa baraza au ananiogopa mimi.

Siku ya utetezi tulikaa watatu mezani: prefe, mimi, na mgeni, mhandisi wa kampuni moja ya madini, mwanamume mwenye shati jeupe aliyekuja kama fadhila kwa shule. Wazazi walikaa nyuma. Msafirishaji alikuwa miongoni mwao, kofia mpya kichwani.

Binti alianza vizuri. Alionyesha sehemu ya kuingiza saa, akaeleza, akaendesha. Mhandisi, aliyekuwa akisinzia kwa wanafunzi wanne waliotangulia, alikaa wima alipoona ile sehemu ya kukisia.

"Ngoja," alisema. "Hili la siku za giza. Ulilipataje?"

Nilijaribu kumkazia macho: sema, sema tu.

"Ile haikuwa mi," alisema.

Prefe aliweka kalamu chini.

"Sehemu hii iliandikwa na mwenzangu tuliyekuwa naye darasa moja," aliendelea, sasa kwa Kifaransa cha shule. "Aliambiwa akapumzike nyumbani. Aliiandika kwa penseli. Mimi niliiingiza kwenye mashine na nikaandika sehemu ya kwanza. Nilikwenda kwake kila Jumamosi. Baba yangu hakujua." Kisha akasema jina la mwenzake, jina zima, polepole, kama mtu anayeliandikisha.

Nyuma nilisikia kiti cha msafirishaji kikisogea.

Prefe alinigeukia. "Mwalimu, ulijua?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo wa tatu, na kusema kweli ulikuwa umeshafika mdomoni. Lakini msichana alikuwa amesimama pale na mikono yake miwili mezani, naye hakunitaja. Alikuwa ameniachia mlango wazi nitoke.

"Nilijua," nilisema.

Tulijifungia ofisini karibu saa nzima. Prefe alitaka sifuri. Mhandisi, ambaye nilimdhania mtu wa kupita tu, alikataa katakata. Alisema msichana ameitetea nusu yake kikamilifu na ameitaja nusu ya mwingine, na kazini kwake angempenda zaidi mtu wa namna hiyo. Mwisho tukakubaliana apate alama za nusu ya kazi. Zilimtosha kupita kwa ncha ya ukucha. Mimi nilipewa barua ya onyo, na mwaka uliofuata usimamizi wa miradi akapewa mwalimu mwingine. Sikulalamika.

Msafirishaji alinisubiri nje, karibu na lori. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Nilikupa mukono wangu," alisema, "na we uliniangalia kwa macho, ukanidanganya." Akapanda, akamfungulia binti yake mlango wa upande wa pili, wakaondoka. Mpaka leo tukikutana sokoni ananijibu salamu kwa sababu dini yake inamtaka ajibu, si zaidi. Binti yake sasa anasoma Lubumbashi. Baba hakumkataza kwenda Musonoi. Alimtaka tu aseme anapokwenda. Hilo nililisikia kwa mke wangu.

Programu yenyewe haikupata bahati kule robine. Wasichana waliwaeleza wanawake kwamba simu ya mama wa mtoto, ambamo walikuwa wameihamishia, inaweza kukisia saa ya maji, na wanawake wakauliza inajuaje. Mama wa kitenge cha kijani alisema anayejua maji yanakuja lini ni yule anayeyafunga. Kwa wiki kadhaa mama wa mtoto alitazamwa kama jamaa wa mtu mwenye ufunguo wa bomba. Akaacha kuwaambia, akaitumia peke yake.

Kilichobaki kilikuwa masomo yake. Shule yetu haikumrudisha. Nilipogusia, prefe aliniuliza kama sijatosheka na barua moja. Lakini mtihani wa taifa una nafasi kwa wale waliojisomea wenyewe nyumbani, na kwa njia hiyo tukamwandikisha, mke wangu akisimamia karatasi kwa sababu msichana hakutaka nizishike mimi. Nilimfundisha mwaka mzima barazani kwa nkambo yake, mlango wazi, mke wangu akishona pembeni.

Siku moja, tukiwa katikati ya hesabu, nilimwambia kwamba nilikuwemo kwenye lile baraza, na kwamba nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi.

"Najua," alisema. "Nilikuwa naketi inje, karibu na dirisha. Nilikuona unapanga makaratasi." Akageuza ukurasa. "Njo maana ulipokuya hapa, nilisema unakuya kutushika. Tuendelee, mwalimu."

Asubuhi ya mtihani tulimsindikiza mpaka kituoni. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea, alibaki na mke wangu chini ya ukuta wa nje, na mimi nilisimama mbali kidogo kwa sababu askari wa lango aliniuliza mara mbili kama mimi ni mwalimu na kama nina karatasi mfukoni. Alitoka adhuhuri. Alipita mbele yangu, akaniamkia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kwa mke wangu, akamchukua mwanawe, na ni mke wangu aliyesimuliwa maswali yote, moja baada ya jingine, wakicheka juu ya mojawapo. Alifaulu, ingawa hilo tulilijua wiki nyingi baadaye, kwa ujumbe wa simu. Siku ile hatukujua kitu. Nilivuka barabara nikatafuta pikipiki mbili za kuturudisha nyumbani.